Programu ya hesabu ya mtandaoni kwa mfanyabiashara wa Kigoma: ipi ulipie, ipi uache

Mama mmoja anayenunua dagaa Kibirizi alinijia mwaka jana na kaunta buku la kwaya tatu, kona zimeliwa, kurasa zinanuka ziwa. Kalamu ya bluu ni mzigo ulioingia, nyekundu ni mali kauli (mzigo uliotolewa kwa ahadi ya kulipwa baadaye), nyeusi ni fedha iliyopokelewa. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaliweka daftari mezani kwangu.

"Mwanangu, hili nataka liingie kwenye simu. Mdogo wako yuko Dar anapokea mzigo. Kila jioni ananipigia kuniuliza magunia mangapi yametoka, na mimi namuuliza fulani kalipa au bado. Vocha zinatumaliza."

Naandika hesabu za watu hapa mjini, na maombi kama hayo hayakauki. Wengi wanaokuja wameshasoma orodha za programu kumi bora zilizoandikwa kwa ajili ya Wamarekani, ambao benki zao huungana na programu kwa kubofya mara mbili. Mtu wa Mwanga hapa Kigoma akizifuata atalipia vitu ambavyo havimfikii. Hii yangu nimeipanga kwa mambo ya huku: bando, dumu la mawese, mashine ya EFD (ya risiti za TRA), na ziwa likifungwa.

Je, unaihitaji kweli?

Faida ya programu ya mtandaoni inayozidi nyingine zote ni kwamba watu wawili walio mbali wanaona daftari moja kwa wakati mmoja. Una duka Kigoma na jingine Kasulu, au unauza huku na ndugu anapokea Dar, au wewe unasafiri na kijana ndiye anayebaki kaunta: lipia, itarudisha gharama yake. Lakini kama duka ni moja, unafungua mwenyewe na kufunga mwenyewe, sioni kwa nini hesabu zako zisafiri hadi kwenye seva ya ng'ambo na kurudi, tena kwa bando lako. Yule mama alikuwa na sababu. Jirani yake wa vifaa vya ujenzi hakuwa nayo, nikamwekea ya bure kwenye laptop yake na mambo yakaisha hapo.

Na wale wa "fundi ataniwekea ya kuvunjwa kufuli," niliwahi kuwa mmoja wao. Niliwekewa kwa hela ya soda. Ilifanya kazi vizuri tu mpaka laptop ilipoingia virusi, nikapoteza hesabu za mteja za kuanzia Februari hadi Septemba. Nakala iliyokuwa kwenye flashi haikufunguka kwa fundi yeyote, kwa sababu toleo lile la wizi lilikuwa limechezewa. Niliandika upya kwa risiti moja moja, usiku, wiki tatu, bila kulipwa. Siku hizi swali langu la kwanza kwa programu yoyote ni hili: naweza kutoa leja yote, wadaiwa wote na stoo yote kwenye faili la Excel, leo, bila kumwomba mtu? Isiponiruhusu, sifa nyingine zote hazina maana kwangu.

EFD: hapa ndipo watu wanapojikwaa

Ankara inayotoka kwenye programu siyo risiti ya TRA, hata ikiwa na nembo yako na TIN juu. Programu za nje kama QuickBooks, Zoho, Xero na wenzao, kama zilivyotoka kiwandani, hazitoi risiti ya EFD. Una njia mbili. Ya kwanza, mashine yako inabaki kaunta kama kawaida, na jioni unaingiza jumla ya siku kwenye programu. Ya pili ni VFD, yaani programu inaunganishwa na mfumo wa TRA kupitia mtoa huduma aliyeidhinishwa, na risiti inatoka humo humo. Ya pili inavutia, lakini kuunganisha kuna gharama yake na kuna mtu wa kumpigia simu siku inapogoma. Kwa duka dogo napendekeza ya kwanza.

Inakwenda hivi. Jioni umetoa kwenye mashine ripoti ya Z, ile ya kufunga siku, jumla TSh 1,180,000, VAT ikiwa ndani. Kwenye programu unaandika ankara moja tu ya "mauzo ya siku" na kuchagua kwamba bei zina kodi ndani yake. Itagawanya yenyewe: mauzo 1,000,000, VAT 180,000. Ukisahau kuchagua hapo, itadhani kodi bado haijaingia, itaongeza asilimia 18 juu, na utajikuta na jumla ya 1,392,400 ambayo hakuna mteja aliyeilipa. Nimekuta duka lililoandika hivyo miezi miwili mfululizo, mwenye duka anashangaa kwa nini programu inamwambia tajiri. Ukishaandika jumla, gawa fedha ilikoingia: taslimu, Lipa Namba, benki, na iliyobaki nje kama mali kauli. Dakika kumi zinatosha.

Kama hujasajiliwa VAT, usiiguse kabisa sehemu hiyo ya programu. Tangu Julai 2023 kiwango cha mauzo kinacholazimisha usajili ni TSh milioni 200 kwa mwaka; zamani kilikuwa milioni 100. Wengi wetu tuko chini ya hapo. Hata hivyo kumbukumbu unatakiwa uzitunze miaka mitano. Na kwa wadogo wanaolipa kodi ya makadirio, mwenye mauzo ya ngazi za chini akiwa na kumbukumbu kamili hukokotolewa tofauti na asiye nazo, mara nyingi kwa nafuu. Hilo peke yake laweza kulipa bando la mwaka.

Dumu, lita na gunia linalopungua

Mawese unanunua kwa dumu la lita 20 na kuuza kwa lita, nusu lita, hata robo. Programu nyingi za bei ya chini hazijui kwamba dumu moja ni lita 20. QuickBooks Online, kwa mfano, kila bidhaa ina kipimo kimoja tu. Dawa yake ni nyepesi ukiijua mapema: sajili bidhaa kwa kipimo kidogo unachouza. Umenunua madumu kumi, andika lita 200. Ukianza kwa dumu halafu kijana akauza lita tatu na kuandika 3, umeuza lita 60 kwenye karatasi na stoo yako itaenda hasi kabla ya saa sita.

Dagaa wana tabu nyingine: wanapungua uzito wakiendelea kukauka. Mawese nayo huacha mashapo chini ya dumu. Kwa hiyo tafuta kitufe cha kurekebisha stoo, na kiweke sababu: kukauka, kumwagika, kuliwa na panya, kuibiwa. Usichanganye. Mwisho wa msimu utataka kujua mzigo uliliwa na jua au uliliwa na mtu.

Halafu kuna suala la gharama. Tuseme umenunua madumu kumi kwa 60,000 kila moja, bei ikapanda ukanunua mengine kumi kwa 80,000 kila moja, na umeuza kumi kwa 90,000 kila moja. Programu inayotoa kwanza mzigo wa zamani itakuambia faida ni 300,000. Inayopiga wastani itasema 200,000. Zote ziko sawa, na ukimaliza kuuza madumu yote ishirini zitakutana. Lakini ukitoa 300,000 yote ukanunua bati za nyumba, mzigo unaofuata utaununua kwa nini? QuickBooks Online hutumia njia ya kwanza. Kwa bidhaa ambayo bei yake inapanda na kushuka kwa msimu, mimi napenda wastani.

Intaneti na malipo

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania nzima ikawa inatambaa. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Umeme nao tunaujua; Kigoma tumeishi miaka mingi na majenereta ya dizeli kabla gridi haijatukaribia. Kwa hiyo weka kitabu cha risiti chini ya meza, cha karatasi, na zoea kuingiza mauzo ya jana asubuhi. Programu isiyokuruhusu kuandika tarehe ya jana achana nayo, ingawa sijaikuta bado.

Programu za nje zinalipiwa kwa dola, kwa kadi ya Visa au Mastercard. Kadi za mtandaoni zinazotolewa kupitia huduma za pesa za simu kwa kawaida zinapita. Watakushawishi ulipe mwaka mzima upate punguzo. Kama unauza samaki, fikiri kwanza. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu bila dagaa, na kadi inakatwa tu. Lipa kwa mwezi, na kabla ya kuanza uliza: nikisimamisha malipo, bado nitaweza kusoma hesabu zangu za zamani?

Jambo la pesa za simu halina ugumu. Hakuna kati ya hizi za nje inayosoma M-Pesa, Mixx, Airtel Money au HaloPesa yako moja kwa moja. Fungua kila mtandao kama akaunti ya benki ndani ya programu, na makato yaandike kama matumizi. Usiandike tu kilichobaki baada ya makato, maana mwisho wa mwaka makato hayo ni fedha ya kutosha kukuuma.

Nilivyozipanga

Ya kwanza, kwa mwenye sehemu mbili: Zoho Books. Inatoka India, na kwa sifa zinazolingana huwa nafuu kuliko QuickBooks. Ina toleo la bure kwa biashara ndogo, lenye ukomo wa mauzo ya mwaka, mtumiaji mmoja pamoja na mhasibu wake. Programu yake ya simu ni nzuri kweli. Ankara unaitengeneza umesimama kwenye mchanga wa Kibirizi na kuituma WhatsApp kabla boti haijaondoka. Kasoro: stoo haimo kwenye toleo la bure, utaikuta kwenye matoleo ya kulipia, na siyo lile la chini kabisa. Kwa hiyo muuza huduma (stationari, fundi wa friji, mwenye bajaji tatu) anaweza kuishi kwenye bure miaka. Muuza mzigo atalipa. Yule mama nilimwekea hii.

Ya kwanza pia, kwa mwenye duka moja: Manager, toleo la kompyuta. Najua nimeahidi za mtandaoni, lakini siwezi kukutoza pesa kwa kitu usichohitaji. Toleo hili ni bure bila kikomo cha muda, linafanya kazi bila intaneti kwenye Windows, Mac na Linux, na lina leja kamili, stoo, wadaiwa, hata mishahara. Biashara ikikua, kuna toleo lao la mtandaoni la kulipia, na faili lako linahamia huko. Sura yake ni kavu kama fomu ya benki. Ulinzi wa nakala ni juu yako: kila Jumamosi nakala moja kwenye flashi, nyingine jitumie kwa barua pepe. Asiyeweza kutunza utaratibu huo asiichukue.

Ya tatu: QuickBooks Online. Sababu ya kuichukua ni watu. Wahasibu wengi mjini, na vijana wengi wanaotoka vyuoni, wanaifahamu familia hii ya QuickBooks, kwa hiyo msaidizi akiondoka humkosi mwingine. Ripoti zake ni safi, na afisa mikopo akiletewa mizania yake haulizi maswali mengi. Ila angalia unachonunua: stoo inaanzia toleo la Plus, na toleo la chini utakaloonyeshwa kwanza halina. Watu wananunua la chini, wanakuta hakuna stoo, wanapanda, na bajeti imekufa. Kwa duka lenye faida ndogo kwa mwezi, bei hiyo naiona nzito.

Ya nne, kwa masharti: programu za Kitanzania. Sitaji majina, ziko nyingi na zinabadilika. Zinazoandikwa vizuri zina mambo ambayo wageni hawana: menyu ya Kiswahili, malipo kwa pesa za simu kwa shilingi, VFD ndani, na mtu wa kuongea naye asubuhi. Kama msaidizi wako kaunta anasoma Kiswahili tu, hilo lina uzito kuliko ripoti ishirini. Tatizo ni umri wa kampuni. Mteja wangu mmoja alitumia moja ya hizo mwaka na nusu, siku moja tovuti haikufunguka, namba ya simu haikupatikana, na hesabu zikaenda nayo. Ukiichukua, kila mwisho wa mwezi toa faili la Excel ulihifadhi. Isiyotoa faili, iache hata kama ni ya mjomba wako.

Loyverse naitaja pembeni kwa sababu wengi wanaichanganya na programu ya hesabu. Ni programu ya kaunta, inaishi kwenye simu au kishikwambi, ya msingi ni bure, na inaendelea kuuza hata intaneti ikikatika, halafu inapeleka taarifa mtandao ukirudi. Kwa duka la vyakula lenye bidhaa mia tatu na kijana mmoja, inanikuna sana. Lakini haitakuambia unadaiwa kiasi gani na benki wala mizania yako ikoje. Itumie kaunta, na jumla yake ya siku uiingize kwenye Manager au Zoho.

TallyPrime, ya India pia, ni ya wauzaji wa jumla wenye karani aliyefundishwa. Kama karani huyo unaye, endelea naye. Odoo ya Ubelgiji ina kila kitu mpaka inachosha. Bila mtu wa kompyuta karibu, usijitese.

Xero ni programu nzuri, na kosa siyo lake. Nguvu yake kubwa ni kuvuta taarifa za benki zenyewe, na kwa benki zetu hilo halitusaidii. Sarafu nyingi ziko kwenye toleo lao la juu. Wave utaikuta namba moja kwenye orodha nyingi za bure. Tangu mwishoni mwa 2020 inapokea wateja wapya wa Marekani na Kanada tu, kwa hiyo usipoteze bando kujaribu kujisajili.

Neno kwa wanaouza ng'ambo ya ziwa. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutaja bei na kupokea malipo kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo bei na malipo ya dukani ni shilingi hata mteja akiwa ametoka Uvira, Kongo, na dola mkononi. Akishabadilisha dola zake na kukulipa shilingi, huhitaji programu ya sarafu nyingi. Andika shilingi ulizopokea na maisha yaendelee. Utaihitaji tu kama unamkopesha mtu wa Kalemie kwa dola na deni linakaa miezi.

Jinsi ya kuanza

Anza tarehe mosi ya mwezi. Siku moja kabla, funga duka mapema uhesabu vitu vitatu: stoo, wadaiwa na wanaokudai, na fedha kila mahali ilipo pamoja na iliyo kwenye simu. Hizo ndizo salio za kuanzia. Usijaribu kuingiza mwaka mzima uliopita, utachoka tarehe nne. Daftari la zamani liendelee sambamba kwa mwezi mmoja, na kila Jumapili linganisha.

Tulipolinganisha na yule mama Jumapili ya pili, simu ilisema magunia 41, daftari likasema 43. Tulikaa nalo saa nzima. Binti yake, yule wa Dar, alikuwa ameandika magunia mawili kama yameuzwa wakati yamebaki stoo ya rafiki yake Dar kwa mali kauli ambayo haikuwa imetajwa popote, si kwa kalamu nyekundu wala kwa simu. Mama alinyamaza kidogo, akasema, "Mpigie. Weka sauti nje."

Na akaunti uifungue kwa barua pepe na namba ya simu yako mwenyewe, siyo ya mhasibu, hata mhasibu huyo akiwa mimi. Mhasibu mwalike kama mtumiaji, umtoe siku mkiachana. Nimeshaona mwenye biashara akibembeleza nywila ya hesabu zake mwenyewe kwa kijana aliyehamia Mwanza.